Ndege Niliowahesabu Kwenye Benchi la Mama Nduku

Kuna kituo kimoja kwenye barabara ya kutoka Kitengela kwenda Kajiado, jina sitalitaja kwa sababu wenyewe wananijua, ambacho mpaka leo gari likikaribia mimi najifanya nimelala. Mke wangu ameshaniuliza mara nyingi, "Baba Mwende, kwani hapa kuna dawa ya usingizi?" nami nakoroma kidogo ili aamini. Leo nimeamua kusema, aibu na iwe aibu, maana nimebeba hii kitu miaka mingi na tumbo langu halijapona. Mkitaka kucheka chekeni, hata mimi kuna mahali huwa nacheka, lakini nawaambia mapema kwamba kuna mahali sicheki.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni mwanzoni, simu ya mkononi ndiyo kwanza imefika kwa watu wa kawaida (yangu ilikuwa na mpira umefungwa katikati ili betri isianguke), na mimi nimemaliza shule, nimekaa Kitengela miaka miwili nikitafuta kazi mpaka viatu vimeisha upande mmoja. Ndipo nikasikia kuna mtu anaitwa Daktari Wekesa, si daktari wa sindano, ni daktari wa ndege, na anatafuta kijana mwenye macho mazuri na subira. Macho nilikuwa nayo. Subira niliapa kwamba niko nayo, na huo ndio uongo wa kwanza katika habari hii.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, baridi ikianza kule mbali kaskazini, ndege wakubwa wanaokula nyama, yaani tai, mwewe, kipanga na jamaa zao, wanafunga safari ya kuja kusini, na wengine wanapita hapa kwetu Kajiado. Hawapendi kupiga mabawa ovyo, wanatafuta kilima ambacho upepo unakigonga na kupanda juu, wanauingia ule upepo, wanazunguka zunguka mpaka wanakuwa nukta, halafu wanateleza kwenda zao. Daktari alinifundisha siku mbili. Akanipa darubini, daftari, na kadude kadogo ka chuma ambako ukikabonyeza kanalia tik na namba inaongezeka moja. Akanionyesha mstari wa kufikirika kutoka kwa mti wa mwiba ulio juu ya kilima mpaka tangi la maji lililo ng'ambo ya bonde, akasema, "Mutuku, sikiza vizuri. Ndege akiwa anazunguka, usimhesabu. Mngoje aamue kwenda. Akivuka huu mstari akielekea kusini, hapo ndio unabonyeza, mara moja peke yake."

Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, msinitetee.

Sasa, kilima kile kilikuwa na mwenyewe. Ranchi ya ukoo ilipogawanywa, kipande cha kilima kilimwangukia mama mmoja mjane wa Kimaasai, Ng'oto Lemayian, yaani mama yake Lemayian, ambaye alikuwa akichunga mbuzi wake huko juu kila siku ya Mungu. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye malori aliyekuwa anamfuata afungue machimbo ya mawe, maana Kitengela ilikuwa inajengwa kama watu wamefukuzwa mahali, na mawe ya kile kilima yalikuwa mazuri. Mama hakutaka kilima chake kilipuliwe na baruti, lakini mbuzi peke yao hawatoshi nyumba nzima. Daktari akamwambia angoje kidogo, kwamba kuna marafiki zake kutoka nje wanaoweza kukikodisha kile kilima kiachwe vile kilivyo, malisho yake abaki nayo, ila sharti waone kwa daftari kwamba kweli ndege wa safari wanakitumia. Yule mama akamwambia mwenye malori angoje mpaka mwisho wa Novemba. Kwa hivyo mnaona mambo yalivyokuwa: kilima cha mjane kilikuwa kinategemea daftari langu.

Wiki ya kwanza nilipanda kila siku. Jumatatu ndege watatu. Jumanne sufuri. Jumatano saba, nikafurahi. Alhamisi sufuri, Ijumaa wawili. Upepo wa kule juu unaingia mpaka kwa mifupa, hakuna mtu wa kuongea naye isipokuwa Ng'oto Lemayian akipita na mbuzi, namwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya, Yieyo," yaani shikamoo mama, anaitikia "Iko," halafu anaangalia mbinguni, ananiangalia mimi, na kuendelea na mbuzi wake. Saa kumi na mbili jioni Daktari anapiga simu.

"Leo ngapi?"

"Saba, Daktari."

"Mia saba?"

"Saba tu, Daktari. Moja, mbili, mpaka saba."

"Aya," anasema, kwa ile sauti ya mtu aliyefungua sufuria akapata maji matupu. "Kesho ongeza macho."

Ongeza macho! Nililala nikiwaza macho yangu. Nikawaza labda wanapita nikiwa nimeinama kufunga kiatu, labda wanapita nikila, nikaacha kula. Nikawaza nitafutwa kazi, nitarudi kukaa kwa mlango wa dadangu nikimwangalia akipika na yeye akiniangalia nikiangalia. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, mama yangu alikuwa anasema nilizaliwa nimekunja uso, lakini wiki ile ilikuwa imepita kiasi.

Jumatatu ya wiki ya pili mvua ikanyesha. Si mvua ya kutisha, manyunyu tu, lakini nilikuwa nimefika chini ya kilima, nikaangalia juu, nikaangalia hoteli ya Mama Nduku hapo kando ya barabara, mabati manne na benchi moja nje, moshi unatoka, na nikasema, acha ninywe chai moja mvua ipite. Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yenyewe, chai moja. Kila kitu kingine kilifuata chenyewe.

Nimekaa kwa benchi, napangusa vioo vya darubini na shati, nikainua macho. Jamani! Juu ya miti ya migunga, nyuma ya hoteli, mbingu ilikuwa imejaa mwewe! Wanazunguka, wanashuka, wanapanda, wanapotea nyuma ya miti na kutokea tena upande wa pili. Nikatoa kadude. Tik, tik, tik. Kabla kikombe cha pili hakijapoa nilikuwa nimefika mia na arobaini. Kufikia saa kumi jioni kadude kalisoma mia tatu na kumi na mbili, na mimi nilikuwa mtu mwingine, nilikuwa nimekunja miguu kama chifu.

"Ngapi?" Daktari akauliza jioni.

"Mia tatu na kumi na mbili."

Nilisikia kiti kikianguka upande ule mwingine. "Mutuku! Mutuku wewe! Nilijua! Si nilikuambia uongeze macho?"

Sasa niwaambie ukweli wa ndani kabisa. Nyuma ya ile migunga kulikuwa na machinjio. Madogo tu, ukuta wa mawe na paa la bati, lakini machinjio, na kila asubuhi wakishachinja wanamwaga mabaki kwenye shimo nyuma, na mwewe wa eneo lile lote wanakula hapo. Nilijua? Mtu mwenye pua atakosaje kujua? Nilijua na sikutaka kujua. Nilijiambia kwamba mbingu ni moja, ndege ni ndege, na hata mgeni akiwa safarini anaweza kusimama hotelini, kwani mimi sikusimama? Hata Mama Nduku, ambaye hajaenda shule ya ndege siku moja, aliniuliza siku ya tatu, akiwa ameshika mwiko:

"Mutuku, huyu mwenye unyoya umetoka kwa mkia si ulimhesabu asubuhi?"

"Mama, hawa ni wengi, wanafanana."

"Wanafanana aje na huyu ndiye alininyang'anya mandazi jana? Mimi namjua huyu. Huyu ni mwizi wa hapa hapa."

Nikacheka, ha ha, na kadude kakalia tik, mwizi akahesabiwa tena.

Siku zikaenda hivyo. Mia mbili na themanini, mia nne, mia tatu na hamsini na tano. Kilima sikukipanda tena. Kila asubuhi nilisema leo nitapanda, na kila asubuhi niliogopa: nikipanda na nipate watatu, Daktari atauliza wale mia nne wameenda wapi? Namba kubwa ni kama deni la mganga, ukishaanza kulipa huwezi kuacha. Chapati nilikuwa naagiza na kuiangalia.

Wiki ya tatu, Jumatano jioni, Daktari akapiga akiwa anapumua haraka. "Kaa chini. Wageni wanakuja Jumamosi. Wale marafiki wenyewe, mama mmoja na mzee mmoja, wametoka kwao kwa ndege kwa ajili ya namba zako. Wakiona wenyewe, karatasi ya kilima wanatia sahihi siku hiyo hiyo. Nimemwambia Ng'oto Lemayian alete akina mama waimbe, na chifu atakuwepo."

Nikasema ni vizuri. Nikakata simu, nikaenda nyuma ya hoteli, nikatapika chai yote ya siku ile.

Lakini mtu akiwa kwenye shimo huwa anapata akili za shimo. Nikajiambia, mwewe si wapo? Wataona mwewe. Wageni hawajui nani ni wa hapa na nani ni wa safari (watu waliosoma ndege miaka thelathini, hawajui!). Wataangalia juu, watasema aa, watatia sahihi, kilima kitapona, mama atafurahi, na mimi Jumatatu nitatubu na kupanda juu kama mtu. Nililala vizuri Alhamisi. Usiku mmoja tu.

Ijumaa jioni nilikuwa kwa benchi, na akaja Abdi. Abdi ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachinjaji pale, familia yake ilitoka Garissa zamani, mtu mcheshi sana, na kwa vile ulikuwa mwezi wa Ramadhani alikuwa anakuja tu jioni kuchukua maziwa ya kufungulia. Akaniambia, akiangalia upande wa magharibi:

"Bwana Ndege, leo tunatafuta mwezi. Ukionekana, kesho ni Idd. Njoo kwangu ule pilau."

"Na machinjio?" nikamwuliza.

"Machinjio gani tena?"

"Kesho. Si mtachinja?"

"Wallahi wewe uko na maneno! Nani atachinja? Sisi wote tuko Idd. Kesho hata mtu wa bucha mwenyewe atalala mpaka saa nne."

Na ni kweli, ndugu zangu, nyinyi mnajua desturi ya hii nchi yetu: uwe Mkristo, uwe wa mila, uwe huna dini, ng'ombe wa bucha anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kula. Hakuna Abdi, hakuna nyama. Hakuna nyama, hakuna mabaki. Hakuna mabaki... mimi, mwana kwaya, niliyebatizwa mtoni kwa maji mengi, nilisimama pale barabarani nikaomba Mungu alete mawingu afunike mwezi wa watu. Niliomba kwa jina. Nilitaja Idd iahirishwe mpaka Jumapili, ninyi mnaona ni jambo kubwa? Siku moja tu!

Mwezi ukatoka, mwembamba, safi, umekaa peke yake kama umeitwa. Watoto wakapiga kelele kutoka upande wa majengo ya akina Abdi, na Abdi mwenyewe akanikumbatia. "Idd Mubarak, bwana! Mbona umekunja uso?"

Hapo ningempigia Daktari. Nilibonyeza namba yake mara tatu na mara tatu nikakata. Badala yake nikakimbia mpaka kwa bucha kabla hajafunga, nikamwomba matumbo yote aliyobaki nayo, ananiuliza una mbwa wangapi, nasema wengi, akanijazia gunia nusu. Ndiyo, wenzangu. Niliamua kuwaita ndege.

Asubuhi saa moja nilikuwa nyuma ya migunga peke yangu, namwaga matumbo kwenye nyasi, nimevaa shati langu la kanisani. Mbingu ilikuwa tupu kabisa, hata kunguru hakuna. Mbwa ndio walikuja kwanza. Nilirusha mawe mpaka bega likauma, mbwa wanatoka upande huu wanaingia upande ule, na mimi nanong'ona "toka, toka, jamani, nihurumieni," kama ninaongea na askari.

Saa tatu magari mawili yakafika, nikayasimamisha hapo hotelini. Daktari akashuka na kofia mpya. Akaangalia hoteli, akaangalia benchi, akaangalia kilima kule mbali.

"Mutuku, mbona tuko hapa chini? Kituo si kule juu?"

"Nilisogea kidogo, Daktari. Huku wanaonekana vizuri zaidi."

Uso wake ulifanya kitu nisichokipenda, lakini wageni walikuwa tayari wanashuka, yule mama mwenye nywele nyeupe anatabasamu na daftari lake dogo, yule mzee ana kamera kubwa kifuani, na Ng'oto Lemayian amesimama mbele ya akina mama wenzake, shanga zote shingoni, amejipaka vizuri, na wakaanza kuimba. Waliimba wimbo wote. Tukaangalia juu. Hakuna kitu. Wakaimba wa pili. Saa tatu na nusu, hakuna kitu. Chifu akasafisha koo. Mimi jasho linashuka mgongoni mpaka kwa soksi, nasema "huwa wanachelewa kidogo wikendi," na Daktari akanigeukia pole pole. "Wanachelewa wikendi?"

Saa nne kasoro, mwewe mmoja akatokea. Nilitaka kulia kwa shukrani. Nikaelekeza kidole. "Yule! Yule pale!" Wageni wakainua darubini, na Mama Nduku, kutoka kwa mlango wa hoteli, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Ni yule mwizi wangu wa mandazi."

Kweli, unyoya wa mkia haukuwepo. Nyuma yake wakaja wengine kumi na mmoja hivi, lakini hawakuzunguka juu kwa heshima, walishuka moja kwa moja nyuma ya migunga wakipigana, na yule mgeni mzee akafurahi, akasema twende tukaone, na kabla sijapata uongo wa kumzuia alikuwa ameshazunguka miti na kila mtu nyuma yake, chifu, akina mama, watoto, Daktari. Wakakuta lile rundo. Wakakuta mbwa wanne. Gunia langu lilikuwa hapo hapo. Mwewe mmoja alikuwa amepata utumbo mrefu, anainuka nao, wawili wanamfukuza hewani kuugombania, na wakauachilia. Ulimwangukia yule mzee begani na kujizungusha kwa kamera.

Nyimbo ziliisha. Kuna mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi, akaacha.

Na kama aibu ilikuwa haijatosha, ndipo akatokea Abdi, amevaa kanzu nyeupe, ananukia manukato mpaka barabarani, amebeba sinia la pilau amletee Mama Nduku. Akasalimia watu wote kwa mkono, akamwona Daktari anaangalia wale ndege, na kwa moyo mweupe kabisa (mpaka leo simlaumu, yeye alikuwa anakaribisha wageni) akamwambia:

"Hawa wanakusumbua? Hawa ni wetu, wa machinjioni. Leo wako na njaa kwa sababu hatujachinja, ni Idd. Kuja kesho, utawapata wote, wanakaa hapa mwaka mzima."

Daktari akanyoosha mkono. Sikuuliza anataka nini, nilimpa daftari. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, amesimama kwenye jua, na mimi nilikuwa naangalia kidole chake kikishuka kwenye namba zangu.

"Hapa umekaa siku ngapi?"

"Kumi."

"Na juu?"

"Zile tano za kwanza."

Angenipiga ningeshukuru. Hakunipiga, hakupaza hata sauti. Akaenda kando na wageni, wakaongea lugha yao, yule mama mwenye nywele nyeupe anampangusa mwenzake bega na karatasi, na sasa hakuwa anatabasamu. Daktari akarudi akamweleza Ng'oto Lemayian kwa upole kwamba daftari likishakuwa na uongo ndani, hata kurasa zake za kweli hazisomeki, kwamba wageni hawawezi kutia sahihi, labda mwaka ujao wajaribu na mtu mwingine.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi, hana hasira, anauliza tu kama mtu anayeuliza njia.

"Kijana, mbona hukuwaambia ile ya Jumanne?"

"Ya Jumanne gani, Yieyo?"

"Ile ndege ilipita Jumanne. Si ilipita upande wa nyuma ya kilima, kutoka jua ikiwa hapa," akaonyesha chini, "mpaka mbuzi ikarudi nyumbani. Ilikuwa inatoka kule, inapanda, inapanda, inaenda. Ingine inatoka tena. Mimi nilisema, leo huyu kijana huko chini atachoka mkono."

Nyuma ya kilima. Kutoka kwa benchi la Mama Nduku upande ule hauonekani. Jumanne daftari langu lilikuwa limeandikwa mia mbili na themanini, na wote walikuwa wa machinjioni, na wote labda walikuwa ishirini.

Daktari akamsogelea. "Mama, walikuwa wangapi? Hata kwa kukisia. Mia? Elfu?" Alitoa kalamu. Yule mgeni mama naye akafungua kadaftari kake tena, niliona, alifungua.

Ng'oto Lemayian akatikisa kichwa, na shanga zikatikisika naye. Kwao mtu hahesabu ng'ombe wake, hahesabu watoto, ni kuita balaa, na nadhani hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angemwomba ahesabu vitu vya mbinguni. "Sisi hatuhesabu kitu iko hai," akasema. "Lakini ilikuwa mingi. Kivuli ilikuwa inapita kwa mbuzi mpaka mbuzi ikakataa kula."

Kalamu ya Daktari ilikuwa juu ya karatasi, akairudisha mfukoni. Hakukuwa na kitu cha kuandika. Mtu aliyelipwa kuandika alikuwa mimi.

Januari malori yakaanza kupanda. Nilikaa Kitengela mwezi mzima nikisikia baruti, au nikidhani nasikia, maana ni mbali, lakini kila kishindo nilikuwa naruka. Mwishowe nikapanda gari nikaenda kumwomba msamaha, nikamkuta nje ya nyumba yake na mbuzi wachache, vumbi jeupe liko kwa nyasi zote, juu kuna watu na nyundo, na ule mti wa mwiba haupo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalitoka yote kwa mkupuo, nikataja mvua, chai, Idd, mpaka matumbo nikataja. Akanipa kiti. Akanipa chai ya maziwa, na niliinywa kwa sababu kukataa ni matusi.

Hakunitukana. Aliniuliza swali moja, na alikuwa anataka jibu, kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa mambo ya ndege siku mbili.

"Sasa mwaka ujao ikikuja, na kilima imeisha, itapanda na upepo gani?"

Nikasema sijui. Akasema, "Aya," akaenda kugeuza mbuzi waliokuwa wanaelekea kwenye vumbi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ile sijakubali kazi yoyote ya kuhesabu, hata mahudhurio ya kwaya nimekataa kuandika, wakiniuliza tulikuwa wangapi Jumapili nawaambia ulizeni mwalimu. Na nimeapa mbele ya Mungu kwamba sufuri nikiiona nitaisema sufuri, na aliyenituma akasirike huko huko kwake. Lakini kila mwaka Novemba ikifika, natoka nje ya nyumba saa nne asubuhi na kuangalia juu, na nikiona hata mmoja anapita akielekea kusini, namwomba radhi.